Mjadala: Je, tuache kuwaambia waandishi wachanga "andika kila siku, usikose"?

Mleta mada

Wadau, kuna ushauri ambao kila anayetaka kuandika hupewa hata kabla hajaulizwa anaandika nini: andika kila siku, usikose hata siku moja. Unatolewa kwenye warsha na kwenye vitabu vya mwongozo, na siku hizi hata simu inautoa, kwa zile programu zinazohesabu siku mfululizo na kukurudisha kwenye sifuri ukikosa usiku mmoja tu. Hoja yangu ni kwamba wanaofundisha uandishi waache kuutoa hivyo.

Sipingi nidhamu. Anayengoja mpaka moyo umchemke ndipo ashike kalamu ataacha kurasa chache sana, na hilo halina ubishi. Ninachopinga ni neno "usikose". Nimewaona watu wenye vipaji wakiacha kuandika moja kwa moja baada ya msiba au homa kuwakosesha siku mbili. Hadithi haikuwashinda. Walijiona wameshavunja ahadi, na aliyeshavunja haoni sababu ya kurudi kesho yake.

Utafiti nao hauungi mkono ukali huo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2009 utafiti wa watu 96, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi ya mwili na kulifanya kila siku kwa wiki 12. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 jambo kuwa mazoea, lakini tofauti ilikuwa kubwa: siku 18 kwa mmoja, 254 kwa mwingine. Na kukosa mara moja hakukuvuruga safari. Zile siku 21 tunazotajiwa kila mahali asili yake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 kuzoea sura mpya. Kutoka hapo hadi kuandika riwaya ni mbali.

Kwa nini basi tumtishe anayeanza?

Mwalimu wa uandishi

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini nimefundisha muda mrefu na sikubaliani nawe. Ukimwambia mwanafunzi "andika mara kwa mara", mara kwa mara haifiki. Jumatatu anasema kesho, kesho anasema mwisho wa wiki, mwisho wa wiki wageni wamefika. Neno "kila siku" lina faida moja kubwa, nayo ni kuondoa mashauriano. Hakuna tena kujiuliza kama leo ni siku ya kuandika, na nguvu ile iliyokuwa inapotea kwenye kujiuliza inaingia kwenye kazi.

Kwa kuwa umetaja utafiti, nami nitaje. Mwanasaikolojia Robert Boice alichapisha mwaka 1983 jaribio alilowafanyia walimu 27 wa chuo kikuu. Kundi moja liliambiwa lisiandike ila kwa dharura. La pili liliandika likijisikia. La tatu lilibanwa kwa makubaliano liandike kwa ratiba, lipende lisipende. Kundi la tatu liliandika kurasa nyingi kuliko wote, jambo ambalo mtu angelitarajia. Lililoshangaza ni kwamba ndilo pia lililopata mawazo mapya mara nyingi zaidi. Tulizoea kuamini kwamba wazo hutangulia, kalamu ikafuata. Boice anaonyesha kwamba kalamu huliita wazo.

Mtu anayeacha kabisa kwa kukosa siku mbili, tatizo lake si ushauri. Angeacha tu kwa sababu nyingine.

Mwanafunzi wa uzamili

Namuunga mkono mwalimu. Tasnifu yangu ilikuwa imelala miezi. Nilipoanza kuifungua kila asubuhi kwa nusu saa, hata kama ni kurekebisha aya moja tu, hofu ilipungua. Ukikaa wiki nzima bila kuigusa kazi inageuka mgeni, na siku ya kurudi nusu ya muda unaipoteza kujikumbusha ulikuwa unasema nini.

Mama anayeandika usiku

Mwalimu, naomba radhi, lakini "angeacha tu" umeisema kwa wepesi mno. Ushauri wa kila siku ulitungwa na mtu mwenye mlango anaoweza kuufunga. Mimi nina mtoto mchanga na kazi ya kutwa. Kuna siku sina hata dakika kumi zilizo zangu, na si kwamba sijazipanga. Zimechukuliwa na watu wanaonihitaji, na wana haki ya kunihitaji.

Toni Morrison alisema waziwazi kwamba hakuwahi kuweza kuandika kwa ratiba ya kudumu, kwa sababu muda wote alikuwa na ajira ya kutwa, na alikuwa analea wana wawili. Aliandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, au siku za mapumziko, au saa alizozipora popote. Mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Nobel. Tungemwambia nini? Kwamba hana nidhamu?

Mnaofundisha, kabla ya kumwambia mtu "kila siku", muulizeni siku yake inafananaje. Wengi wanaoonekana wavivu wamechoka tu.

Mwalimu wa uandishi

Dada, hilo la kumuuliza mtu siku yake ilivyo nalikubali, na kusema kweli hatulifanyi vya kutosha. Lakini angalia mfano wako mwenyewe. Morrison aliamka kabla ya watoto. Alikuwa na mahali pake katika siku hata kama hapakuwa kila siku. Bila mahali hapo asingeandika.

Mtafiti wa saikolojia

Niingie kidogo kwenye takwimu, kwa kuwa zinatumiwa pande zote mbili kwa uhakika mkubwa kuliko zinavyostahili.

Utafiti wa Lally ulihusu mambo kama kunywa glasi ya maji baada ya chakula. Jambo la namna hiyo linaweza kufika mahali likafanyika bila kufikiri. Kuandika hakufiki huko kamwe. Kinachoweza kuwa mazoea ni kukaa, kufungua daftari na kusoma sentensi ya mwisho. Kinachofuata ni kazi ya akili, kigumu leo na kigumu mwakani. Anayemwahidi mwanafunzi kwamba baada ya siku kadhaa "itakuja yenyewe" anamdanganya, na siku ile isipokuja yenyewe mwanafunzi atadhani ana kasoro. Na zile siku 254 hazikushuhudiwa, kwa sababu utafiti wenyewe ulidumu siku 84. Ni makadirio ya hesabu.

Sasa hizi programu za kuhesabu siku. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Wengine walipewa cheti bila kutarajia, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, vyeti vilipokwisha, wale walioahidiwa walichora kwa muda uliokaribia nusu ya wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa. Zawadi haikuwa na kosa. Kilichoharibu ni kwamba mtoto alianza kuchora ili apate cheti.

Kwa mwandishi, hesabu ya siku mfululizo inaweza kuwa cheti hicho. Mtu anaanza kuandika kwa kuipenda hadithi, anaishia kuandika sentensi tatu za ovyo saa sita kasoro usiku ili namba isikatike. Ari ilikuwa kwenye hadithi, sasa imehamia kwenye namba, na namba ikikatika ari haina pa kurudi. Nadhani hapa ndipo palipo na jibu la mleta mada kuhusu wale walioacha. Mwalimu anasema wangeacha tu. Mimi nasema wengine waliacha kwa sababu tuliwahamishia pa kuegemea.

Mwandishi wa riwaya

Mnabishana kama kwamba "kuandika" ni kitu kimoja. Kuna kukaa mezani na kuna kutoa maneno. Hivyo viwili vikichanganywa ndipo watu wanaumizana.

Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta Uingereza. Aliamshwa kwa kahawa na kuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Watu humtaja kwa hesabu hiyo ya maneno tu. Mara chache hutajwa kwamba nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika jana. Kwangu hiyo ndiyo siri yake, si saa iliyo mezani. Alikuwa anaingia tena katika sauti ya kitabu kabla ya kudai kitu.

Gustave Flaubert naye alikaa mezani kwa bidii isiyo na mfano, lakini riwaya yake ya kwanza kuchapishwa aliianza 1851 akaimaliza 1856, kwa sababu sentensi moja ingeweza kumla siku nzima. Kwa kipimo cha maneno kwa siku angeonekana ameshindwa kila jioni. Na Franz Kafka, aliyefanya kazi ya bima mchana, usiku wa tarehe 22 Septemba 1912 alikaa saa nne usiku akainuka saa kumi na mbili asubuhi na hadithi nzima imekwisha. Shajara zake zimejaa siku alizolalamika kwamba hakuandika chochote.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono mwalimu kuhusu kukaa, na mleta mada kuhusu kutokuhesabu.

Kijana anayeanza

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Mimi nakaa, lakini kuna siku sina la kuandika kabisa. Natazama ukurasa mtupu mpaka nasinzia. Siku hiyo nifanyeje?

Mhariri

Marahaba mwanangu. Swali lako ni bora kuliko nusu ya mjadala huu.

Kwanza, usimalize kila ulichonacho. Ernest Hemingway alikuwa na desturi ya kuacha wakati bado anajua kitakachofuata, ili kesho yake asianze na ukuta. Acha katikati ya mazungumzo ya wahusika, hata katikati ya sentensi, na chini yake andika mstari mmoja: "sasa dada mtu anaingia, anagundua barua". Kesho hutakuta ukurasa mtupu.

Pili, siku huna jipya, rekebisha la zamani. Piga kalamu, panga upya, soma kwa sauti. Wanaoanza hudhani kurekebisha si kuandika. Miswada inayonifikia mezani inanionyesha kinyume: mingi imeandikwa kwa kasi na haijasomwa tena hata mara moja na aliyeiandika. Kulikuwa na lile shindano la Marekani, NaNoWriMo, lililoanza mwaka 1999 na ambalo waandaaji wake walifunga shughuli mwaka 2025, la kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba, ambayo ni karibu 1,667 kwa siku. Liliwafikisha wengi mwisho wa rasimu yao ya kwanza na nalisifu kwa hilo. Lakini rasimu ya Novemba inahitaji miezi ya kurekebishwa, na miezi hiyo haina shindano wala wa kukupigia makofi. Ari inayohitajika kule ni ya namna nyingine. Inatokana na kuiona kazi ikinyooka.

Tatu, kama umesinzia, lala.

Mleta mada

Nashukuru sana. Mtafiti amesema vizuri kuliko mimi kile nilichokuwa nakitafuta, na mwandishi wa riwaya amenigawia hoja yangu vipande viwili. Sasa naona niliyekuwa nampinga hakuwa Trollope na saa yake. Nilikuwa nampinga mwenye kuchunga namba badala ya kazi.

Basi niweke pendekezo, nanyi mlipige. Mwanafunzi asipewe idadi ya siku. Apewe maswali matatu na ayajibu kwa maandishi: utakaa wapi, saa ngapi au baada ya jambo gani, na ukikosa utarudi lini. Hilo la tatu ndilo halimo katika mafunzo yetu. Tunamfundisha mtu kuanza na kuendelea, hatumfundishi kurudi, na kila mwandishi duniani ameshakatizwa. Ugonjwa na mitihani vinajulikana kwamba vitakuja, kwa hiyo mpango wa kurudi uwepo kabla havijaja: siku ya kwanza nikipona nitasoma kurasa mbili za mwisho, sitaandika chochote. Siku ya pili aya moja.

Mama anayeandika usiku, kwako swali la pili huenda likajibiwa "Jumamosi na Jumapili mtoto akilala". Hiyo ni ratiba kamili, na asiyeiheshimu asikufundishe.

Mama anayeandika usiku

Hiyo naiweza.

Mwalimu wa uandishi

Swali la kurudi nitaliingiza darasani, nalipenda. Lakini siku zote mbili za mwisho wa wiki kwa mwenye uwezo wa siku sita sitakubali. Anayeweza kila siku aambiwe kila siku, tena kwa sauti. Wengi wao wanajiweka kwenye kundi la wasioweza kwa sababu tu hawajajaribu kuamka.

Mleta mada

Na nani atapima nani anaweza, mwalimu? Ukimpima wewe kutoka mbele ya darasa, tumerudi pale pale. Mimi nasema ajipime mwenyewe baada ya miezi miwili, akiwa na karatasi ile ya maswali matatu mkononi. Tuendelee.