Tupeane uzoefu: ujumbe wa kazi ukiingia usiku, unaujibu?

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha huku Kurasini, na kwa miaka mitatu nilijivunia kwamba bosi akiniandikia saa nne usiku, hupata jibu papo hapo. Niliamini kuwa huo ndio uwajibikaji. Jioni moja nilifika nyumbani Mbezi nimechoka na foleni, binti yangu wa darasa la pili akaniletea daftari la hesabu za kutoa, nami nikamwambia asubiri nimalize kutuma ankara moja. Nilipoinua kichwa, alikuwa amelala kwenye kochi, penseli ingali mkononi, hesabu ya tatu ameiandika nusu. Asubuhi aliimalizia ndani ya daladala, daftari likiwa mapajani, wala hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndipo nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo nilikuwa naijua kwa jina tu. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na baada ya kutoka kazini mtu apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kuanza tena. Nilimwomba bosi kwa adabu tusiandikiane baada ya saa moja jioni, isipokuwa mzigo ukiwa umekwama bandarini. Alinuna wiki nzima, kisha akazoea. Kwangu mimi, kuwajibika ni kuikamilisha kazi vizuri ndani ya saa zake. Wenzangu mnafanyaje?

Muuguzi, Temeke: Sisi simu hatuzimi, kwa kuwa mwenzako akiugua, wodi haiwezi kubaki bila mtu. Ninachokataa ni kuulizwa habari za ripoti siku yangu ya mapumziko.

Mama Wawili, Tabata: Ndugu mleta mada, sheria hiyo inamlinda aliyeajiriwa. Mimi nauza vitenge Kariakoo, na wateja wa mikoani huagiza usiku wakishafunga maduka yao; nisipojibu, wanahamia kwa jirani. Hata hivyo, tangu presha inipande mwaka jana, najibu hadi saa tatu, kisha simu ya duka naifungia kabatini. Mteja mmoja wa Songea alihama mwezi wa kwanza. Wengine sasa wanaagiza mchana.