Mgonjwa wa dimensia analazwa Mulago: tujipangeje?

Wadau, bibi yetu ana dimensia (ugonjwa wa kusahau na kuchanganyikiwa) na Jumatatu analazwa hospitali ya Mulago, Kampala, nyonga imevunjika. Tubebe nini?

— Shuka, beseni, miwani, na leso aliyoizoea. Pangeni wauguzaji wawili wa zamu. Jioni ndipo mgonjwa huchachamaa na kung'oa dripu. Zungushieni kanula (kijimrija cha dripu kinachoingia kwenye mshipa) bandeji, mrija upite ndani ya mkono wa gauni asiuone.

— Dawa zote ziende na pakiti zake, hata Piriton, dawa ya mzio (hiyo humvuruga akili zaidi). Akibadilika ghafla, msiseme "ndiyo kawaida yake." Mwambieni nesi achunguze mkojo, upungufu wa maji, choo kigumu, maumivu.

— Maumivu hatayasema, ndugu. Mtazameni uso anapogeuzwa.