Uchaguzi wa kura tatu 1958, TANU walikubalije?

Mbuyuni: Wakuu habarini. Nasoma historia ya uchaguzi Tanganyika na kuna kitu kinanisumbua. 1958 mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ukiacha mmoja tu kura yako imeharibika. Na ili uandikishwe lazima uwe na elimu, kipato au cheo fulani, kwa hiyo mkulima wa kawaida kashatupwa nje kabla ya siku yenyewe. Si wangesusa tu?

Kitana: Mkuu wengi walitaka kususa! Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa wa moto kwelikweli. Hoja ya Nyerere ilikuwa tukikaa nje viti vyote wanabeba UTP (United Tanganyika Party, wapinzani wa TANU), halafu haohao ndo watatuamulia mambo. Wajumbe wakakubali, ila Zuberi Mtemvu hakuridhika akajitoa akaanzisha African National Congress. Huo uamuzi wa kushiriki ndo unaitwa Uamuzi wa Busara.

mama_kumbukumbu: Na ile sheria iliwageukia walioitunga. Walidhani inawalinda Wazungu na Wahindi, kumbe kwa kuwa kila mtu anapigia wote watatu, Mzungu naye anahitaji kura za Waafrika ili apite! TANU wakachagua wagombea Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono, kina Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa, wakapita, UTP ikapigwa vibaya.

Mbuyuni: Aisee nimekupata. Na wanawake je?

mama_kumbukumbu: Tanganyika sheria haikuwakataza, ila weka hayo masharti ya shule na mshahara kwa miaka ile uone wanabaki wangapi. Zanzibar ndo kabisa, 1957 walipiga wanaume peke yao.

Kitana: Niongeze hapo maana watu wanaparuka sana. 1960 masharti yalilegezwa, ukijua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza unaandikishwa, TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Lakini bado si kila mtu. Kura ya kila mtu mzima imekuja uchaguzi wa rais 1962, Nyerere na yuleyule Mtemvu. Mi inaniuma tukifundishwa kana kwamba uhuru ulikuja na kura ya wote, wakati mtu asiyejua kusoma na asiye na kipato, ambaye pengine ndo alitembea kutwa nzima kwenda kusikiliza mikutano ya TANU, alisubiri mpaka bendera ishapanda.