Nimeondoka kwa mume, mtoto wangu mmoja amebaki. Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 31, ndoa ya miaka 8, watoto wawili. Wiki tatu zilizopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Kahama hadi Morogoro, mdogo wa miaka 3 mgongoni na begi moja. Mkubwa alikuwa kwa bibi yake mzaa baba, sikuweza kumpitia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kipigo sitakieleza chote. Mara ya mwisho nilichukua PF3 polisi (fomu ya kupelekea hospitali), nikatibiwa, halafu wazee wakaniambia nivumilie kwa kuwa mahari ilishaliwa. Nakala ya fomu bado ninayo.

Sasa naishi kwa dada yangu, nauza vitumbua asubuhi. Shemeji hajasema neno, lakini chumba ni kidogo. Mume anapiga simu kila siku: eti nimetoroka, kwa hiyo nyumba tuliyojenga pamoja sina changu. Mimi ndiye niliyelipa tofali kwa faida ya duka!

Najua Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka tupite baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Je, naweza kuanzia la huku, au lazima nirudi Kahama? Naogopa kurudi. Na sheria inamtazama mtoto wa chini ya miaka 7 kuwa anafaa kukaa na mama. Wangu ametimiza 7 mwezi uliopita. Nimpateje? Aliyewahi kusaidiwa na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, tafadhali nielekeze niende na nini mkononi.