Tupeane uzoefu: mivutano ya akili mnemba makazini, Mombasa

Wanajamvi, salaam. Naomba tusimuliane yaliyotokea makazini tangu programu za akili mnemba zianze kuingia, hasa mivutano kati ya wakubwa na wafanyakazi, kwa sababu mingi inamezwa kimyakimya mpaka mtu anaacha kazi. Nianze na yetu.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, na mizigo tunayoshughulikia inapitia bandari ya Kilindini. Mkurugenzi alinunua programu ya kusoma ankara na kupendekeza nambari ya ushuru ya kila bidhaa. Vijana walifurahi. Mzee wetu wa hati, anayeijua orodha ya ushuru ya Afrika Mashariki sura kwa sura, alikataa katakata kutia sahihi hati zilizojazwa hivyo, akaitwa mpinga maendeleo mbele ya watu, jambo lililoniuma sana.

Akatuwekea mezani ankara ya vichujio vya mafuta ya injini. Programu ilikuwa imevipeleka 8708, kwenye vipuri vya magari, kwa kuwa ankara ilitaja lori. Mahali pake ni 8421.23, pamoja na mashine za kuchuja, na maelezo ya orodha yenyewe yanavitoa katika fungu la magari. Kosa kama hilo likipita, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamhesabu wakala kama mwenye mzigo, kwa hiyo ushuru uliopungua unaweza kudaiwa kwetu. Kwangu mimi ugomvi wote umeanzia hapo: aliyenunua programu hatii sahihi, na anayetia sahihi hakuulizwa.

Sasa programu inapendekeza na mzee anakagua, lakini wakubwa wamemwongezea majalada, na muda wa kukagua haupo.

*Jibu, kutoka Nyali:*

Pole, kaka. Kwetu hotelini, wenzangu wa mapokezi walikuwa wakiingiza nakala za pasipoti za wageni katika programu ya bure ili iwajazie fomu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaweka masharti kabla taarifa za mtu hazijapelekwa nje ya Kenya, na hakuna aliyewaeleza. Meneja alipogundua alipiga marufuku kila kitu, ilhali idara ya masoko inaendelea kuitumia waziwazi. Chuki iliyobaki kati ya idara hizo mbili bado haijaisha.

*Mwanzisha mada:*

Ahsante, dada. Je, yupo ambaye kampuni yake iliwaita wafanyakazi kabla ya kununua, na makubaliano yakaandikwa? Tuelezeni yalihusu nini.