Mishumaa ya jeli inatoka na viputo na ukungu: nakosea wapi?

Mama Njiro (Arusha)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Kwa takriban miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza mishumaa ya kawaida ya nta ya parafini hapa Njiro, nikiwauzia majirani na maduka mawili ya jirani, na sijawahi kupata tabu ya kunifanya nikose usingizi. Mwezi uliopita mpwa wangu anayetarajia kufunga ndoa aliniomba nimtengenezee mishumaa 60 ya kupamba meza za ukumbini, ile inayong'aa kama maji ya chemchemi na kuonesha kokoto na makombe ya baharini yaliyolala ndani yake. Niliagiza kilo mbili za jeli kutoka Dar es Salaam, zikaletwa kwa basi, nami nikaanza majaribio kwa bilauri nne.

Nilifuata njia ileile ya nta: jeli niliiweka katika sufuria ndogo, sufuria hiyo nikaiketisha ndani ya kubwa yenye maji yanayochemka, nikasubiri. Ilipokaribia saa nzima jeli ilikuwa bado nzito kama uji wa ulezi, tena yenye mabonge yaliyokataa kuisha. Nikamimina hivyo hivyo. Matokeo yake ni viputo vingi mno, hasa kuzunguka makombe, pamoja na weupe kama wa maji ya mchele unaoanzia kwenye utambi na kusambaa pembeni. Rangi ya bluu niliyotia, ambayo ni ile ya kupambia keki, ilizama ikabaki matone matone chini kama macho ya dagaa.

Lililonitisha zaidi ni hili. Kwa kuwa bwana harusi anatoka Machame na kwao ni wakulima wa kahawa, katika bilauri moja nilipanga punje za kahawa iliyokaangwa. Nilipoiwasha kwa majaribio, baada ya kama dakika 40 punje moja ilishika moto ikawa kama utambi wa pili, mwali ukapanda kimo cha kiganja, na bilauri ikapasuka. Niliifunika kwa sufuria mpaka ikazimika. Naomba kuelimishwa: kosa liko kwenye jeli niliyouziwa, kwenye mikono yangu, au kwenye vyote viwili? Na je, kahawa niiache kabisa?

Fundi wa Pasua (Moshi)

Pole sana, Mama Njiro, na hongera kwa kukimbilia sufuria badala ya ndoo ya maji. Jeli inayowaka ni mafuta yanayowaka. Ungeimwagia maji, moto ungeruka mpaka kwenye pazia.

Sidhani kama jeli yako ina ubaya wowote. Tatizo lako la kwanza ni joto. Parafini huyeyuka kwenye nyuzijoto 50 hadi 65 hivi, ndiyo maana maji yanayochemka yamekutosha miaka yote hii. Jeli haifanyi hivyo; inataka kufikia nyuzijoto 95 hadi 105 ndipo ilegee na kuwa nyepesi kama asali iliyopashwa. Sasa kumbuka mahali unapoishi. Arusha ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 95 tu, si 100 kama tulivyofundishwa darasani. Sufuria ya ndani hupata pungufu ya hapo, kwa hiyo ungeweza kukesha ukichochea kuni bila jeli yako kufika inapotakiwa. Hapa Moshi tuko chini yenu kidogo, lakini nasi hatuifikii 100. Isitoshe, mvuke wa maji yale hujikusanya ukingoni na kudondokea ndani, na tone moja la maji latosha kuharibu uangavu wa sufuria nzima.

Achana na maji. Tumia sufuria nene juu ya jiko la umeme likiwa kwenye moto mdogo. Kama una jiko la gesi, weka kwanza kikaango kizito cha chuma juu ya jiko, kisha sufuria juu ya kikaango, ili mwali usiguse sufuria moja kwa moja. Jiko la mkaa silishauri hata kidogo, kwa sababu huwezi kulipunguza moto kwa haraka unapohitaji. Nunua kipimajoto cha kupikia kinachovuka 150, kining'inize kisiguse kitako cha sufuria, na usiondoke hapo hata kama simu inaita. Ikivuka 120 ondoa sufuria motoni. Koroga taratibu, kwa sababu anayekoroga kama anapiga mayai hujitengenezea viputo mwenyewe.

Kuhusu viputo, sehemu kubwa hutoka kwenye vitu unavyopamba navyo. Kombe lina mashimo yenye hewa, na kokoto ya mtoni ina unyevu hata ukiiona kavu. Zile ninazookota Mto Karanga huziosha, huzianika siku mbili, kisha huzitia kwenye oveni kwa moto mdogo saa mbili. Halafu kila kombe na kila kokoto huvichovya katika jeli ya moto na kuvishikilia humo mpaka viache kutoa viputo, ndipo navipanga katika bilauri. Bilauri nayo ipashwe moto kabla ya kumiminiwa, kwa sababu kioo cha baridi hugandisha jeli ya pembeni ghafla na kuzuia hewa isitoke. Mimina kwa mkondo mwembamba ukiwa umeinamisha bilauri, kama unavyomimina soda isitoe povu.

Kisha iache ipoe polepole. Mimi huzipanga bilauri ndani ya kikapu cha kupikia, kile cha kumalizia wali, nikafunika mpaka asubuhi. Mke wangu alilalamika wiki ya kwanza. Sasa ana kikapu chake na mimi nina changu.

Manukato tia mwishoni, ukishaondoa sufuria motoni. Yoyote ya mafuta yanafaa.

Mtafuta Nafuu (Arusha)

Kwa nini kujitesa na jeli ya kuagiza mbali wakati gelatini ya kutengenezea vitindamlo inapatikana katika maduka ya vifaa vya keki hapa mjini? Nimeona video ya mtu akichanganya gelatini, maji na gliserini, akapata kitu kinachong'aa vilevile kwa gharama ndogo sana. Dada aijaribu kwanza.

Mwalimu wa Kemia (Moshi)

Ndugu Mtafuta Nafuu, kinachong'aa na kinachowaka ni mambo mawili tofauti. Utambi hufanya kazi kwa kunyonya kitu kinachoungua na kukipeleka kwenye mwali. Gelatini uliyoitaja imejaa maji, na maji hayaungui. Utambi utawaka kidogo kwa nta iliyopakwa juu yake, kisha utatoa mlio wa kutatarika na kuzimika. Baada ya siku chache mchanganyiko huo pia huota ukungu wa kuvu, maana ni chakula. Jeli ya mishumaa ni kitu kingine kabisa licha ya kufanana jina: ni mafuta meupe ya madini, ya jamii ya yale yanayotumika katika mafuta ya watoto, yaliyoshikwa na kiasi kidogo cha polima inayofanana na mpira. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni mafuta.

Ukishalijua hilo, matatizo mengine ya Mama Njiro yanajieleza. Rangi ya keki ni ya maji, na maji hayachanganyiki na mafuta, ndiyo maana ilizama. Tafuta rangi ya mishumaa inayoyeyuka katika mafuta, nawe utumie kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu jeli hupitisha mwanga na rangi huonekana nzito upesi. Jeli yenye matone yale ya bluu usiirudishe jikoni, maana maji yaliyonaswa humo yatageuka mvuke ikivuka nyuzijoto 100 na kukurushia mafuta ya moto usoni. Itupe. Jeli iliyobaki ambayo hukuitia rangi unaweza kuiyeyusha upya.

Weupe unaoanzia kwenye utambi unatokana na nta iliyopakwa kwenye utambi wako wa kawaida. Nta hiyo huyeyuka na kuichafua jeli. Tumia utambi mkavu usio na nta, ikiwezekana wenye waya mwembamba wa zinki katikati, kwa sababu utambi wa pamba tupu hulegea na kuinama ndani ya jeli. Uchovye kwanza katika jeli ya moto mpaka uache kutoa viputo, kama Fundi alivyosema kuhusu makombe. Wapo wanaodhani kuwa zinki na risasi ni kitu kimoja. Tambi zenye waya wa risasi ndizo zilizopigwa marufuku Marekani mwaka 2003, na zinki haimo katika katazo hilo.

Kwenye manukato, Fundi aniwie radhi, sikubaliani naye, na jambo hili si dogo. Si kila manukato ya mafuta yanafaa. Yako yanayoyeyuka vizuri katika nta lakini hayapatani na mafuta ya madini; hayo hujitenga, hukusanyika kama kidimbwi ndani ya mshumaa, na siku mwali ukikifikia kidimbwi hicho mambo huwa kama yaliyotokea kwa kahawa au mabaya zaidi. Jaribio lake ni rahisi: changanya kijiko kimoja cha manukato na vijiko vitatu vya mafuta meupe ya madini katika chupa angavu, tikisa, acha yatulie. Yakifanya ukungu au kujigawa tabaka mbili, yasiingie katika jeli. Muulize pia muuzaji manukato yake yanashika moto kwenye joto gani. Yakiwa chini ya nyuzijoto 77, yaache. Kiasi nacho kina mpaka: jeli laini haipokei zaidi ya asilimia 3, na hata ile nzito kabisa haivuki 5 au 6.

Kuhusu punje za kahawa, ziache. Pamoja nazo acha maua makavu, vijiti vya mdalasini, plastiki, karatasi na chochote kinachoweza kuungua, hata kikiwa mbali na utambi, kwa sababu jeli ikiyeyuka vitu husogea. Kioo, mawe, makombe na chuma ndivyo vya kuingia humo, navyo vikae sentimita mbili kutoka kwenye utambi.

Fundi wa Pasua (Moshi)

Mwalimu, nimekubali kusahihishwa. Nilisema "yoyote" kwa sababu nimekuwa nikinunua ya aina moja tu kwa muda mrefu, na hayo hayajanisumbua. Nitafanya jaribio la chupa leo jioni.

Mama Njiro, kwa ajili ya ukoo wa Machame kuna njia. Chukua bilauri ndogo nene uiweke ndani ya bilauri kubwa. Jeli na utambi viwe ndani ya ile ndogo, na punje za kahawa uzijaze katika nafasi iliyo kati ya kioo na kioo. Hakikisha mdomo wa bilauri ndogo umepanda juu kuliko kahawa, ili jeli isimwagikie huko na punje isidondokee ndani. Mgeni ataiona kahawa, na ikipata joto kidogo ataisikia na harufu yake, lakini mwali hautakutana nayo.

Mama Njiro (Arusha)

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimerudi baada ya siku tisa kwa sababu nilitaka kuja na majibu, si shukrani tupu. Nimeyeyusha jeli juu ya kikaango, ikafika 100 kwa muda wa dakika 25 hivi, na kwa mara ya kwanza niliona mabonge yote yamekwisha na kijiko kinaonekana mpaka kwenye kitako cha sufuria. Bilauri tatu zimetoka safi. Moja ina viputo vichache chini ya kombe kubwa ambalo nililichovya kwa haraka. Mpwa wangu ameiona, akasema inafanana na soda iliyofunguliwa sasa hivi, na ameniomba zote 60 ziwe hivyo, jambo ambalo sikulitarajia baada ya kuhangaika kiasi hiki. Ya kahawa nimeiwasha saa tatu mfululizo nikiwa nimekaa mbele yake, na punje zimebaki kama nilivyozipanga.

Manukato ya kwanza niliyokuwa nayo yameshindwa jaribio la chupa: yalifanya ukungu papo hapo. Ya pili yamepita.

Swali la mwisho: kwa bilauri 60 za mililita 250 niagize kilo ngapi?

Fundi wa Pasua (Moshi)

Mililita 100 za jeli zina uzito wa gramu 85 hivi. Ukijaza kila bilauri hadi mililita 180, na kokoto zikachukua 40, zitabaki 140 za jeli, yaani karibu gramu 120. Kwa bilauri 60 ni kilo 7 na gramu 200. Agiza ikutosheleze kilo 8 pamoja na iliyobaki, kwa sababu sufuria nayo hubaki na chake. Manukato kwa asilimia 2 yatakuwa kama gramu 145. Zile za kahawa, kwa kuwa bilauri yake ya ndani ni ndogo, zitakula pungufu ya hapo.

Tambi zikate zibaki milimita 6 kabla ya kuwasha, la sivyo zitatoa masizi na kupasha jeli kupita kiasi. Kila bilauri ikae juu ya kisahani, mbali na mapazia na maua ya plastiki ambayo wapambaji wetu wanayapenda mno, na izimwe jeli ikibaki kimo cha sentimita moja na nusu chini. Mkabidhi mtu mmoja wa kamati kazi hiyo ya kuzima, naye apewe vifuniko vya bati vya kufunikia, maana anayepuliza hurusha jeli ya moto kwenye kitambaa cha meza.