Vermont, Marekani: mkutano wa mji wa mwezi Machi unaendeshwaje?

Mdadisi_K: Wakuu, habari. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua Vermont vijijini. Nasikia bajeti ya mji hupitishwa na wananchi wenyewe ukumbini, na kaunti haina sauti. Ilianzaje? Mtu akitaka hoja yake ipigiwe kura, anaanzia wapi? Na nani huamua barabara ipi iondolewe theluji?

Hati_za_Kale: Mzizi wake ni hati za ardhi. Kuanzia 1749, Benning Wentworth, gavana wa New Hampshire, aligawa eneo lile vipande vya takriban maili sita kwa sita, kila kipande mji. Cha kwanza akakiita Bennington, kwa jina lake. Masharti yalikuwa makali kidogo: katika kila ekari 50, tano zilimwe ndani ya miaka mitano, misonobari inayofaa kwa milingoti ya meli ibaki ya mfalme wa Uingereza, na kodi iwe hindi moja kwa mwaka, miaka kumi ya mwanzo. Hati hizohizo ziliagiza viongozi wa mji wachaguliwe kila Machi.

Kwa hiyo mji ulitangulia jimbo. Vermont ilijitangazia uhuru 1777, ikaingia Muungano wa Marekani 1791 baada ya kuilipa New York dola 30,000 kumaliza mgogoro wa ardhi. Kaunti zipo 14, ila kazi yao kubwa ni mahakama na sherifu. Hata hati za viwanja hutunzwa na karani wa mji, kwa hiyo ukizifuata kaunti utarudi mikono mitupu.

Ajenda_Mezani: Kuhusu hoja, hesabu kurudi nyuma. Mkutano ni Jumanne ya kwanza ya Machi. Tangazo lenye ajenda hubandikwa kati ya siku 40 na 30 kabla, na ombi la wananchi lazima limfikie karani si chini ya siku 47 kabla, yaani katikati ya Januari. Linahitaji sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura walioandikishwa. Mji wenye wapiga kura 800 ni sahihi 40. Kusanya 55, maana karani atakata wasioandikishwa na majina yasiyosomeka. Taja kiasi cha fedha na matumizi yake kwenye hoja yenyewe.

Njia rahisi zaidi ni kuiomba bodi ya mji, yenye watu watatu au watano, iiweke hoja yenyewe. Hapo sahihi hazihitajiki. Wengi hukwama kwa kusubiri kipengele cha "mengineyo" siku ya mkutano. Mtaongea mpaka mchoke, lakini kura ya hapo haiibani bodi kwa lolote.

Ukumbini, kwanza huchaguliwa mwenyekiti wa mkutano. Bajeti inaweza kupunguzwa au kuongezwa palepale, na wapiga kura saba wakidai kura ya karatasi, inapigwa. Lakini uliza kwanza mji wako unatumia mfumo gani: mingine imehamia kura ya sanduku, ambako ni ndiyo au hapana tu, hakuna kurekebisha tarakimu. Mimi naona huo ndio mwanzo wa kuua mkutano.

Jambo jingine: usitegemee kukata bajeti ya mji kutashusha sana ankara ya kodi ya mali. Sehemu kubwa kwa kawaida ni ya elimu, na tangu sheria ya 1997 hiyo hukokotolewa kwa mfumo wa jimbo zima.

Mdadisi_K: Shukrani sana. Na asiye raia anaruhusiwa?

Hati_za_Kale: Kura, hapana, isipokuwa miji iliyopata kibali cha bunge la jimbo: Winooski na Montpelier 2021, Burlington 2023, tena kwa chaguzi za mitaa tu. Kwingine anaweza kuzungumza ukumbini kama theluthi mbili wanakubali. Raia anaweza kujiandikisha hata siku yenyewe, ila lazima ale kiapo cha mpiga kura.

Mamlaka ya mji yote ni ya kupewa na jimbo, na jimbo likitaka linayachukua. Glastenbury ilipobaki karibu tupu, ilifutiwa serikali yake 1937; leo inasimamiwa na msimamizi wa kuteuliwa.

Grava_na_Tope: Swali la theluji limerukwa. Barabara zimepangwa katika madaraja (ngazi) manne. Daraja la 3 lazima lipitike kwa gari dogo la kawaida misimu yote, kwa hiyo kwa kawaida mji huondoa theluji. Daraja la 4 mji haulazimiki kulihudumia majira ya baridi, na bodi ndiyo huamua sera yake. Ukinunua nyumba huko, gharama ya kuondoa theluji inaweza kuwa yako. Kabla ya kusaini chochote, mwombe karani ramani ya barabara za mji na sera ya daraja la 4. Usiweke uzio karibu na barabara bila kuuliza: eneo la barabara kwa kawaida ni futi 49.5, pana kuliko changarawe unayoiona.